Sauti za wazee zilivyotoka ndani ya bakapu

Zilikuwa zimesalia siku tatu arobaini ya bibi mmoja wa hapa kwetu Langoni, Lamu, itimie, mjukuu wake alipobisha hodi kwa ami yangu, flashi mkononi. Mwaka jana Ami alikaa na yule bibi darini jioni nne, akamrekodi akiimba nyimbo za harusi na kusoma tenzi alizozihifadhi tangu utotoni. "Maalim," msichana akasema, "nitilie humu sauti ya bibi, mama aisikie."

Ami akafungua kompyuta, akatafuta, akatafuta tena. Kisha akanipigia. "Mwanangu, ndoo mara moja. Folda ya wazee siioni."

Mimi ndiye ninayetunza mitambo ya Ami. Katika chumba chake cha nyuma kuna kompyuta moja tunayoitumia kama seva, inaendeshwa na Proxmox VE, na ndani yake mna mashine pepe mbili, yaani kompyuta mbili za kiprogramu ndani ya ile moja. Moja ni ya hesabu za duka. Ya pili imebeba rekodi za wazee na picha za hati za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nayo ina diski mbili: moja ya GB 32 ya mfumo, nyingine ya GB 500 ya mali yenyewe. Mali naisema kwa maana yake kamili. Ami alikuwa amekwisha kurekodi mara 57, na wengine katika aliowarekodi sasa wako makaburini.

Kila usiku mashine hizo huchukuliwa bakapu, yaani nakala za akiba, zikapelekwa kwenye kompyuta ndogo iliyo nyumbani kwangu, yenye Proxmox Backup Server. Huko nilipanga zibaki bakapu saba za kila siku na nne za kila wiki. Zaidi ya hapo, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi natoa bakapu nzima kwenye diski ya nje, dada yangu anakaa nayo Mokowe, ng'ambo ya maji. Nyumba za mji wetu zimegusana, na vichochoro vyenyewe punda wawili hupishana kwa taabu. Moto ukishika kwa Ami, kwangu ni hatua chache tu.

Kabla ya kutafuta chochote nilifanya jambo moja, na namsihi yeyote atakayepatwa na haya aanze nalo: nilisimamisha kazi ya kufuta bakapu zilizopitwa na wakati, pamoja na ile ya usafishaji inayokuja nyuma yake. Proxmox Backup Server hukata data vipande vipande, na bakapu nyingi hushiriki kipande kimoja. Bakapu ya zamani ikiondolewa kwenye orodha, vipande vyake visivyotumiwa tena na bakapu nyingine huweza kufutwa na usafishaji unaofuata. Sikutaka usiku uingie seva ikitupa kitu ninachokitafuta.

Jirani mmoja anayejua mambo ya kompyuta aliniambia, "Rudisha mashine nzima ilivyokuwa mwezi uliopita, mambo kwisha." Nilimkatalia, na bado naona nilikuwa na haki. Kuirudisha mashine nzima juu ya iliyopo kungefuta kila kilichoingia tangu siku hiyo, na Ami alikuwa amepiga picha hati nyingi katika wiki hizo. Na kuirudisha pembeni, kama mashine mpya, nafasi ya GB 500 nyingine kwenye seva haikuwepo. Mimi nilihitaji folda moja. Kumbe mtu anaweza kuifungua bakapu ya mashine nzima, akatembea ndani yake folda kwa folda, akachukua anachokitaka, na mashine inayofanya kazi isijue lolote.

Kwenye Proxmox jambo hili ni jepesi bakapu ikiwa iko kwenye Backup Server. Unaichagua bakapu, unabofya File Restore, na baada ya muda kidogo zinakutokea diski za ile mashine, sehemu zake, kisha folda. Huo muda kidogo una sababu yake: nyuma ya pazia inawashwa mashine pepe ndogo, ya kazi hiyo tu, ndiyo inayoisoma diski ya bakapu. Hivyo hata diski ikiwa na kasoro, au na kitu kibaya ndani yake, seva yako haiguswi. Ukipata faili unaipakua. Ukichagua folda nzima inakuja imefungashwa zip.

Nilianza na bakapu ya jana. Folda haipo. Ya juzi, haipo. Nikaziruka zote saba, nikaingia za wiki. Kila nikifungua naona `hati`, naona `picha`, naona `daftari`, na pale panapostahili kuwa `wazee` hapana kitu. Kongwe kuliko zote ilikuwa ya siku 33. Nayo haina.

Ami alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkono wangu wa kulia, tasbihi mkononi, hasemi. Msichana tulimwomba aende nyumbani, tukamwahidi kumwita.

Nikaenda kwenye laptopu ya kijana anayemsaidia Ami, maana ile folda ilikuwa imeunganishwa na laptopu hiyo kwa programu ya kusawazisha faili. Kumbukumbu za programu zilikuwa na jibu. Siku 39 nyuma, laptopu ilijaa, kijana akafuta folda kupata nafasi, akijua asili iko salama kwenye seva. Programu nayo ikafanya ilichoumbiwa: kilichofutwa huku, ikakifuta na kule. Sikumlaumu, na Ami hakumlaumu. Aliyeacha kusawazisha kukiwa kwa pande zote mbili ni mimi. Watu wengi nimewasikia wakisema wana bakapu, ukitazama unakuta wana usawazishaji tu, na usawazishaji hubeba kosa lako kwa uaminifu uleule unaobeba kazi yako.

Siku 39, na bakapu yangu kongwe ni ya siku 33. Siku sita.

Ikabaki diski ya Mokowe. Nilihesabu kwa vidole: Ijumaa ya kwanza ya mwezi ule ilikuwa siku tisa kabla ya folda kufutwa. Asubuhi ya Ijumaa dada alimkabidhi diski nahodha wa boti tunayemjua, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, ndani ya kikapu cha maembe. Nilimsubiri gatini. Huku kwetu chumvi ya bahari hula kila chuma, na sipendi diski ikae wazi hata dakika kumi.

Bakapu ya kwenye diski ilikuwa ya aina nyingine: faili moja kubwa, jina lake linaishia na `.vma.zst`. Hapa hakuna kubofya. Ile `zst` ni mbano wa zstd, na `vma` ni kasha la Proxmox lenyewe linaloweka ndani diski zote za mashine pamoja na mpangilio wake. Kasha hilo linafunguliwa kwa amri ya `vma`, inayopatikana kwenye seva ya Proxmox:

`zstdcat bakapu.vma.zst | vma extract - /mnt/diski/kazi`

Mara ya kwanza ilikataa, ikidai haiwezi kuunda folda. Nilikuwa nimeiunda folda ya `kazi` mwenyewe, kumbe amri hii hutaka iiunde yenyewe, na ikiikuta ipo husimama. Nikaiondoa, ikaanza kwenda.

Jambo jingine lingenipotezea siku nzima kama sikuliwahi. Diski tupu niliyotaka kutolea ilikuwa ya exFAT, moja ya mifumo ya kupanga faili kwenye diski, kama diski nyingi za dukani zinavyokuja. Diski ya mashine pepe ina ukubwa wa GB 500, lakini iliyojaa kweli ni GB 210. Iliyobaki ni matupu. Mfumo wa ext4 unajua kuacha matupu bila kuyapa nafasi, exFAT haujui, utaandika sifuri mpaka mwisho. Kwa hiyo nikaiumba upya diski ile kwa ext4 kwanza. Baada ya kutoa, `ls -lh` ilisema G 500, na `du -h` ikasema G 210. Nilipoziona zote mbili nikajua mambo yamekwenda sawa.

Katikati ya kazi umeme ulikatika. Betri ya akiba ilishika, nami nikakaa karibu nayo nikiisikiliza inavyolia mpaka umeme uliporudi. Tulimaliza baada ya saa moja na robo. Ndani ya folda nilikuta vitu vitatu: `qemu-server.conf`, `disk-drive-scsi0.raw` na `disk-drive-scsi1.raw`. Ile ya `scsi1` ndiyo GB 500.

Diski nikaihamishia kwenye laptopu yangu, yenye vifaa vya libguestfs, vya kusomea diski za mashine pepe. Ningeweza kuifungua kwa njia za kawaida za Linux, lakini kuna hatari nisiyoitaka. Bakapu ilichukuliwa mashine ikiwa inafanya kazi, na ext4 ikikuta diski ambayo haikufungwa vizuri hujirekebisha wakati wa kufunguliwa, hata ukiwa umeiambia isome tu, mradi diski yenyewe inaandikika. Dawa yake ni kuongeza `noload` kwenye amri ya kuifungua, isijirekebishe. Libguestfs ukiipa `--ro` inaweka tabaka la muda juu ya diski, na faili ya asili haibadiliki hata herufi moja. Nayo pia hutumia mashine pepe ndogo kusoma, kama File Restore.

Nilitumia kwanza `-i`, inayojitafutia yenyewe mpangilio wa diski. Ikajibu haikuona mfumo wa uendeshaji. Ni kweli, mfumo uko kwenye ile diski ndogo. Hii ni ya mali tu. Basi nikauliza ndani mna nini:

`virt-filesystems -a disk-drive-scsi1.raw --all --long -h`

Ikanionyesha `/dev/sda1`, ext4. Nikaandika:

`guestmount -a disk-drive-scsi1.raw -m /dev/sda1 --ro ~/angalia`

Kisha `ls ~/angalia`. Zikatoka `daftari`, `hati`, `picha`, `wazee`.

Nilimgeuzia Ami skrini, sikusema neno. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma lile neno moja. "Alhamdulillahi," akasema, na sauti yake haikuwa imara.

Mle ndani mlikuwa na rekodi 54, karibu saa 44 za sauti, GB 46 hivi, kwa sababu Ami hurekodi WAV, sauti isiyobanwa, ya stereo, biti 24 na kHz 48, ambayo saa moja hula kama GB moja. Nilizinakili kwa `rsync -a` ili tarehe zake zisibadilike. Lakini jina la faili kuwepo si ushahidi kwamba sauti imo. Ami ana daftari la karatasi, la jalada jeusi, ambamo kila rekodi ina nambari, mahali na urefu. Nikawa nasoma urefu kwa `soxi -d`, yeye anatia alama kwa kalamu. Na. 1, dakika 38, sawa. Na. 2, dakika 61, sawa. Tuliendelea mpaka usiku, zote 54.

Na. 31 ni moja ya zile za bibi. Daftari lilisema: "nyimbo za harusi, dakika 47, adhana ya magharibi dakika ya 12." Nikasogeza mpaka dakika ya 12. Bibi alikuwa anaimba, mara adhana ikaingia kupitia dirishani, akanyamaza, ukasikika mguso wa bangili zake akijitanda mtandio, na adhana ilipokwisha akaanza tena ubeti uleule, kutoka mwanzo. Ami alinishika mkono nisisogeze mbele. Tukasikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi msichana alipata flashi yake. Jumapili, kisomo kilipokwisha, wanawake walikaa ndani na mama yake, nasi wa nje tulisikia sauti ikija kwa mbali.

Zikabaki zile rekodi tatu alizofanya Ami katika zile siku tisa, baada ya bakapu ya Mokowe na kabla ya folda kufutwa. Hizo hazimo kwenye bakapu yoyote ninayoimiliki. Mbili tulizikuta bado zimo kwenye kadi ya chombo cha kurekodia. Ya tatu ilikuwa imeandikwa juu yake.

Sasa usawazishaji unakwenda upande mmoja tu, kutoka laptopu kwenda seva, na kufuta hakupiti. Bakapu za mwezi nimeziongeza kwenye Backup Server, kumi na mbili. Na kila mwezi nafungua bakapu moja, naingia mpaka ndani kabisa, natoa rekodi moja na kuisikiliza na Ami, daftari likiwa mbele yetu.

Iliyopotea ni Na. 56, mahojiano na fundi wa majahazi wa Matondoni. Mzee yu hai, na Ami amekwisha kumpelekea salamu. Amejibu tuje Jumanne, baada ya alasiri, upepo ukitulia.