Nilivyoitafuta faili yangu ya kesi ya trafiki mpaka kesi ikaondolewa

Probox ninayobebea madafu ilichomoka boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele, mchana kweupe kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Anayejua magari anajua maana yake: gurudumu la mbele linalala ubavu chini ya madigadi, na gari halisukumiki mbele wala nyuma hata mkija watu kumi. Niliwasha taa za hazadi, nikaweka pembetatu nyekundu nyuma na mbele, nikampigia fundi, nikapiga picha za gurudumu ili aje na kipuri kinachofaa. Kabla fundi hajafika, askari wa trafiki walifika. Kosa waliloniandikia ni kuzuia barabara.

Nilimwambia mmoja wao, "Afande, gari limeharibika, tazama gurudumu lenyewe." Akanijibu kwamba hayo nitayaeleza kortini. Yakafuata yale mazungumzo ya kando ambayo kila dereva anayafahamu, nikakataa. Ukitoa leo, kesho namba ya gari lako inajulikana. Kituoni nikalipa dhamana ya pesa taslimu shilingi 10,000, nikapewa risiti na tarehe ya kufika mahakamani.

Hapa naomba kila dereva anisikilize vizuri. Risiti ya dhamana si risiti ya faini. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinaweka faini ya kuzuia barabara kuwa shilingi 10,000, kiasi kilekile nilichotozwa kama dhamana, na ndiyo maana wengi huondoka kituoni wakidhani wameshamalizana na serikali. Jina linaitwa kortini, mtu hayupo, yuko sokoni anauza. Hakimu anatoa amri akamatwe, na ile dhamana inaweza kuchukuliwa. Mwaka mwingine anasimamishwa kwa jambo jingine kabisa, anaambiwa anatafutwa. Nimewaona wenzangu wawili wa pale stendi yakiwafika haya, na wote walikuwa na risiti mfukoni.

Kwa hiyo kabla sijatoka kituoni niliomba nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, nikaomba nionyeshwe jina la kosa jinsi lilivyoandikwa, na nikaipiga picha risiti pande zote mbili. Wino wa risiti hufifia haraka, hasa ikikaa kwenye mfuko wa shati la mtu anayetoka jasho.

Siku ikikaribia nilianza kuitafuta kesi yangu. Mahakama za Kenya hutoa orodha ya kesi za kila siku, na siku hizi unaisoma kwenye simu: chagua mahakama, chagua tarehe, shuka mpaka kwa hakimu wa kesi za trafiki. Nambari za kesi hizi katika mahakama za mahakimu huwa na herufi MCTR, kisha E na tarakimu, kisha mwaka. Kila kesi imeandikwa Jamhuri dhidi ya mtu fulani. Nilipitia orodha nzima, na jina langu halikuwamo.

Hapo ndipo wengi hufurahi. Mimi nilipata wasiwasi, nikaenda mahakamani mwenyewe. Langoni kijana mmoja akaniwahi: "Mzee, ni ya trafiki? Leta elfu tatu tu, hiyo faili haitaonekana tena." Nimeambiwa kuna watu huwapa. Wafikirie kidogo: faili isipoonekana, ni hakimu gani atakayeandika amri ya kukurudishia dhamana yako? Na ni karatasi gani itakayothibitisha kwamba kesi iliisha? Mshtakiwa anaihitaji faili ile kuliko mtu yeyote.

Masjala ya jinai, ofisi inayotunza mafaili ya kesi hizi, iko nyuma ya dirisha lenye vyuma, na watu wamejazana. Nilimsalimia dada aliyekuwa pale, nikamwambia natafuta kesi ambayo tarehe yake ni wiki hiyo. Akaniuliza nambari ya kesi. Nikampa ile ya OB. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa dereva yeyote: nambari ya OB ni ya polisi, na nambari ya kesi ni ya mahakama. Hii ya pili huzaliwa pale tu polisi wanapoleta hati ya mashtaka ikasajiliwa. Kabla ya hapo, kwa mahakama, kesi yako haipo. Akatafuta kwa jina langu, hakupata. Nikamwomba atafute kwa jina la kituo na tarehe ya kukamatwa, kisha alinganishe nambari ya gari. Ikatokea. Kumbe jina la babangu limeandikwa mbele, langu nyuma, na herufi moja imebadilishwa. Kwenye orodha nilipita juu yake bila kulijua.

Nikaandika nambari ile kwenye kiganja kwanza, ndipo nikatoa simu. Kwa nambari hiyo kila kitu kilifunguka: chumba cha mahakama, hakimu, saa. Jina nilimwomba dada wa masjala alirekebishe, akasema hana uwezo huo, niliseme mbele ya hakimu siku ya kusomewa mashtaka. Nikafanya hivyo, hakimu akalirekebisha kwa kalamu.

Kuhusu kusomewa mashtaka, nawaambia wanaoogopa Kiingereza: lugha za mahakama za chini Kenya ni Kiingereza au Kiswahili, na usipoelewa lugha inayotumika una haki ya mkalimani bila malipo. Karani alinisomea kwa Kiswahili kizuri, akauliza, "Ni kweli au si kweli?" Mbele yangu watu walikuwa wakijibu "ni kweli" mmoja baada ya mwingine, wengine kabla karani hajamaliza sentensi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai haimpi nafasi kubwa aliyekubali kosa: akikata rufaa, anaweza kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Nikajibu si kweli. Hakimu akaniacha kwa dhamana ileile, akapanga siku ya kusikilizwa.

Nilisimama tena nikaomba nipewe maelezo ya mashahidi wa upande wa mashtaka. Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Hakuna aliyekasirika, hakimu aliandika tu. Karatasi nilizopata zilikuwa fupi: maelezo ya askari mmoja, yakisema gari liliachwa barabarani na kuwasumbua wengine. Kuhusu gurudumu, kimya. Kuhusu pembetatu, kimya.

Basi nikazitayarisha picha. Mpwa wangu anayesomea sheria alinitahadharisha kwamba picha ya simu haisimami peke yake kortini. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza picha imetoka kwenye kifaa gani, nani aliyeipiga, na kwamba kifaa kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Tukaandika ukurasa mmoja, nikatia sahihi. Picha mbili ndizo nilizozipa uzito. Moja inaonyesha gurudumu limelala, boljointi imetoka kwenye kikombe chake, grisi imemwagika kwenye lami. Nyingine imepigwa kutoka nyuma, pembetatu iko mbali na gari na lori linapita upande wa pili bila shida. Fundi wangu akaandika maelezo yake, akaambatanisha risiti ya kipuri ya siku ileile.

Sikungoja siku ya kusikilizwa. Nilikwenda ofisi ya waendesha mashtaka iliyo hapohapo mahakamani, nikaomba kumwona anayeshughulikia faili yangu. Nilimtajia nambari, akaitoa, nikamwekea picha juu ya meza. Alizitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza fundi yuko tayari kuja? Nikasema yuko tayari. Akasema, "Ndugu yangu, kosa hili ni la kuliacha gari barabarani. Hili halikuachwa, lilivunjika." Siku ya kesi alisimama akamwambia hakimu kwamba anaiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai.

Hapa pia kuna la kuangalia. Kuondolewa chini ya 87(a) kabla hujaanza kujitetea si kuachiliwa moja kwa moja. Kisheria wanaweza kukushtaki tena kwa jambo lilelile. Mpwa wangu alikuwa amenieleza, kwa hiyo sikushangilia kizimbani. Niliomba dhamana irudishwe, hakimu akaandika amri, kisha nikarudi kwa dada yule wa masjala.

Kurudishiwa pesa kunataka risiti halisi, nakala ya kitambulisho, amri ya hakimu na akaunti ya kutumiwa pesa. Aliyepoteza risiti atahangaika kweli; nilimkuta mama mmoja pale anayefuatilia dhamana ya mwanawe, kila dirisha linamrudisha kwenye dirisha jingine. Zangu zilichukua muda lakini ziliingia, 10,000 kamili. Kabla hazijaingia nilikuwa nimeshaomba nakala ya mwenendo wa kesi iliyothibitishwa, haki iliyomo katika kifungu kilekile cha 50, kwa ada. Nakala hiyo ina muhuri wa mahakama, nambari ya kesi, jina langu lililorekebishwa na maneno "kesi imeondolewa". Ninayo ndani ya gari, pamoja na karatasi ya bima. Ukiitaka ya kwako, iombe siku hiyohiyo kesi inapokwisha, kwa sababu faili ikishapelekwa stoo ya kumbukumbu, kuitoa huko ni foleni nyingine.