Bega la Kulia

"Mama mdogo, hivi kushona nako kunasomewa digrii?"

Aliyeniuliza ni mtoto wa dada yangu. Anajaza maombi ya chuo wiki hizi na kila jioni anakuja na swali jipya. Hakuuliza kwa ubaya. Wasiwasi huo kaupata kwa baba yake, na mimi naufahamu, maana ndio ule ule aliokuwa nao marehemu baba yangu: mtoto asomeshwe mpaka Mlimani, kisha arudi kukaa barazani na cherehani?

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kuhusu kemia ya rangi, kwamba rangi nyingi zinazotumika sasa kwenye pamba huungana na uzi wenyewe, na maji yasipotiwa magadi haziungani, ukifua mara mbili zimekwenda na maji. Nikamwambia kuhusu mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa, na kwa nini kitambaa kile kile ukikikata kwa kufuata uzi kinakaa imara, ukikikata mshazari kinavutika na kulala juu ya mwili. Nikamwambia pia kwamba mbunifu wa mavazi Mustafa Hassanali, aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, alisomea udaktari, kwa hiyo milango ya kuingilia fani hii ni mingi. Mtoto akanisikiliza kwa adabu. Ila mimi mwenyewe, katikati ya maneno, nilikuwa nimeshahama. Nilikuwa Kirumba, Mwanza, kwenye kile kibaraza cha fundi, na yule mama wa Mwaloni, soko la samaki na dagaa, amesimama mbele ya kioo.

Ilikuwa wakati wa mafunzo kwa vitendo. Wenzangu wengi waliomba viwandani, Dar es Salaam, Arusha na Morogoro. Mimi niliomba kurudi Mwanza, nikae kwa fundi. Barua ya chuo niliipeleka kwa mzee mmoja ambaye nguo zetu za shule zote zilipita mikononi mwake. Akaisoma mstari kwa mstari, akaikunja, akaitia kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini zake. "Haya, kaa," akasema. Huo ndio ukawa usajili.

Mzee alifanya kazi Mwatex ujanani, kiwanda kilipokuwa kinatengeneza vitenge na khanga kwa pamba ya Usukumani. Aligusa kitambaa kwa vidole viwili, akafumba macho, akakuambia kama kina pamba tupu au kimechanganywa. Hasira yake kubwa ilikuwa moja: pamba inalimwa Kwimba, Magu na Maswa, inachambuliwa hapa hapa, nyingi inasafirishwa nje ikiwa bado pamba nyuzi, haijasokotwa, halafu sisi tunakaa barazani kushona kitenge kilichotoka China. Nilikuwa nimefundishwa habari hiyo darasani kwa michoro na mishale. Kwa mzee niliisikia kwenye pumzi yake.

Nilikuwa na daftari langu la michoro, nalipenda kupita kiasi. Michoro ya mitindo huchorwa mirefu. Mtu wa kawaida urefu wake ni kama vichwa saba na nusu, wa kwenye michoro tunampa vichwa tisa ili nguo itiririke. Basi daftari lilijaa wanawake wa vichwa tisa, shingo ndefu, mabega sawa. Mzee alilifungua siku ya kwanza, akapitia ukurasa baada ya ukurasa bila haraka, akalisifia karatasi lake. Juu ya michoro hakusema neno.

Siku nyingine za pale zilikuwa sare za shule, zipu za kubadilisha na suruali za kupunguza. Zimenifunza, ila sina la kusimulia. Ninachotaka kusimulia ni asubuhi moja.

Ilikuwa siku za mbalamwezi. Watu wa ziwani mnajua: dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mwezi ukijaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, mitumbwi inapumzika. Ndizo siku akina mama wa Mwaloni wanasuka, wanafuatilia madeni, wanakwenda kwa fundi. Yule mama alifika mapema, kitenge kimefungwa kwenye mfuko mweusi. Mwanawe wa kwanza anaoa, kanisani, baada ya wiki mbili. Kitenge kilikuwa yadi sita, cha zambarau, chenye mistari myembamba ya dhahabu iliyolala.

Mzee akaniambia nimpime. Nikampima kama tulivyofundishwa: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo, bega hadi bega. Nikaandika. Mzee akautazama ule ukurasa, kisha akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Mama, hebu nenda mpaka pale kwenye duka la vocha, urudi kwangu taratibu."

Akaenda, akarudi. Mzee hakuwa na futi mkononi. Alitazama tu.

"Ulikuwa unabebea mkono wa kulia."

"Tangu Ukerewe, baba," mama akajibu. "Ndoo."

Akaeleza kwa maneno machache, kama mtu anayetaja njia aliyopita kila siku. Dagaa wabichi wanatolewa mtumbwini kwa ndoo, wanapelekwa kuanikwa mchangani. Mkono wa kulia unashika ndoo, wa kushoto unashika khanga isilowe. Alianza akiwa msichana. Baadaye akahamia Mwanza na mtaji wake, akaajiri vijana, lakini bega lilikuwa limeshashuka.

Mimi nilikuwa nimempima bega hadi bega nikapata namba moja. Namba hiyo ilikuwa sahihi, na haikusema lolote. Vipimo vya bega vinavyofundishwa kwa kawaida ni hivyo. Unachora nusu ya mwili kwenye karatasi, unakunja kitambaa, unaweka hiyo karatasi, ndiyo patani, kwenye mkunjo, unakata mara moja, na nusu ya pili inajitokeza yenyewe. Kazi inakwenda haraka na kitambaa hakipotei. Lakini ukishakunja kitambaa, umeshaamua kwamba mtu huyu kulia kwake na kushoto kwake ni kitu kimoja.

Mzee akatoa kipande cha marekani, kile kitambaa rahisi cha pamba, akakata kiwiliwili cha majaribio, akakiunga kwa pini juu ya nguo ya mama. Akaniita nisogee. Kushoto kitambaa kilitulia. Kulia zilitokea kunjo za kushuka, zinaanza karibu na shingo zinakimbilia kwapani, tatu au nne, na pindo la upande huo likawa limezama chini. Akachomoa pini za bega la kulia. Akashika ile nguo iliyozidi kwa kidole gumba na cha shahada, akaikunja juu ya mshono wa bega, robo tatu ya inchi, akarudisha pini. Kunjo zikaisha. Zote kwa mara moja, mbele ya macho yangu, na pindo likanyooka. Nimeona maonyesho mengi ya mavazi tangu siku hiyo, na sijaona kitu kilichonipa furaha kama ile.

"Njia ya kwanza hiyo," mzee akasema. "Nguo inafuata bega. Itakukaa vizuri, hutaivuta vuta. Ila kitenge chako kina mistari. Mistari itabaki imelala sawasawa kifuani, na hiyo ndiyo itakayomwonyesha kila mtu bega lilivyoshuka."

Kisha akachukua sponji, akaikata kwa mkasi, akaichonga kingo ziwe nyembamba, akaipenyeza begani chini ya marekani. Mabega yakawa sawa.

"Na hii ya pili."

Mama akajitazama kiooni. Kile kioo kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo kwa waya, kina ufa kwenye kona. Akageuka upande, akarudi. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya ile sponji, akaibonyeza, akaiachia ijae tena. Akaitoa, akajitazama bila sponji. Akairudisha. Hakuna aliyesema kitu. Cherehani ya jirani ilikuwa inakimbia na hata yenyewe niliisahau.

Akanigeukia. "Binti wa chuo, wewe unasemaje?"

Nilikuwa na jibu tayari, na nililiamini kwa moyo wangu wote. Nikamwambia, "Mama, mimi ningeliacha bega lako kama lilivyo. Limefanya kazi hilo."

Akanitazama kwa upole sana. "Limesomesha watoto wanne," akasema. "Lakini siku ile wakwe zangu ndiyo mara ya kwanza wananiona. Nataka waanze na uso."

Sikuwa na la kuongeza.

Akamwambia mzee kwamba sponji aiweke, ila aiweke ya kutoka, maana ukumbini atacheza na hataki joto begani. Hapo ndipo nikaona kichwa cha fundi kinavyofanya kazi. Nguo ikikatwa kwa bega lenye sponji, sponji ikitoka upande ule utalegea na kunjo zitarudi. Mzee alikaa kimya kidogo, akaagiza chai, akainywa yote. Kisha akakitandaza kitenge mezani bila kukikunja, akakata mbele nzima kwa mara moja, mistari imelala. Ndani ya bega la kulia akaniambia nishone vikulabu vidogo na vitanzi vya uzi, safu mbili, umbali wa robo tatu ya inchi. Sponji ikitoka, unafunga vikulabu, nguo inajikunja ndani kidogo na kurudi kwenye bega lenyewe. Ule mkunjo mdogo unafichwa na mtandio.

Vile vikulabu nilivishona kwa mkono, chini ya taa, uzi wa zambarau uliopakwa nta ili usijisokote. Kila kitanzi nilikivuta kuona kama kitahimili mama akicheza.

Harusini sikwenda. Baada ya siku kadhaa akatuma kijana na mfuko wa dagaa waliokauka vizuri, wasio na mchanga hata chembe, na ujumbe wa neno moja la Kisukuma: wabeja, yaani asante. Mzee alinigawia nusu.

Nikarudi chuoni. Mwaka wa mwisho, wakati wa kuandaa mkusanyiko wa kuhitimu, wengi wetu tulikuwa tunawaza jukwaa, wanamitindo, nani atatuona. Mimi nilirudi Mwanza likizoni nikapima wanawake wanaofanya kazi za mikono, nikawachorea patani kulia peke yake na kushoto peke yake. Niliwapima wakiwa wametulia, na kabla ya hapo niliwaomba watembee. Nguo zilichukua kitambaa kingi na muda mwingi. Zilikaa vizuri ajabu.

Jopo lilizipenda. Kisha mmoja wao akaniuliza swali la haki kabisa. Kiwandani kitambaa kinatandazwa tabaka juu ya tabaka, makumi, na kisu cha umeme kinapita mara moja. Nguo zote zinatoka sawa, ndiyo sababu zinauzwa bei ambayo mama wa Mwaloni anaimudu. Je, bega lake nitaliweka wapi kwenye mpango huo? Nikajibu kwamba tuache akiba pana ya mshono begani, ili fundi wa mtaani aweze kurekebisha. Akauliza kitambaa hicho cha ziada nani atakilipia. Nikamwambia swali hilo ningependa kulifanyia kazi, na nilimaanisha. Bado nalifanyia kazi. Nguo zote zinazotoka kwangu zina akiba ya inchi moja begani, nami najua kila mwezi inanigharimu kiasi gani, na mshirika wangu anakijua zaidi.

Mengine ni yale ya mbele ya kioo. Wateja wangu wengi wanaomba mabega yajazwe, nami nawajazia. Baadhi nawaomba kwanza wajione bila sponji, japo kwa dakika moja, na wachache huamua kubaki hivyo. Wakiondoka nabaki najiuliza kama niliwasikiliza au niliwabembeleza waone ninachokiona mimi. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akachagua lake, na nguo aliyoipata ilimtosha kote kuwili. Mimi kote kuwili bado sijui kukukata kwa kisu kimoja.