Gita lililovishwa kanga: siku moja maishani mwangu

Saa kumi na moja unusu, alfajiri. Nimeshasali, chai bado. Naliendea gita kwanza. Limelala mezani ukumbini bila nyuzi, shingo na daraja vimezungushwa tepu ya karatasi kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Naligonga uso kwa kifundo cha kidole: ndooo! Linaitika. Siku nilipoletewa nililigonga hivi hivi, na kila nikiongeza rangi naligonga tena.

Mie kazi yangu kuchora hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mwilini, hapa Malindi ya Unguja, nimefunzwa na shangazi. Gita hili la kijana mmoja apigaye muziki hotelini. Aliona piko ya dada yake akaniuliza, "Bi, maua hayo kwenye mbao yanakaa?"

Saa mbili niko Kikwajuni kwa bibi harusi. Mikono, miguu, kelele za mawifi. Harusi zote ndivyo zilivyo.

Saa nne unusu nimerudi mezani. Mwenye gita anataka kanga nzima mbele: pindo la ukingoni, mji wa katikati na jina, yale maneno yake. Nilimkatalia. Uso wa gita ni ubao mwembamba, haufiki milimita 4, na mtikisiko wake ndio sauti. Ukiuvika rangi nzito pale katikati unaliziba mdomo. Kwa hiyo mbele nimeweka pindo tu, ukingoni, ambako ubao umegandishwa na ubavu na hautikisiki sana. Mji na jina vimekwenda mgongoni.

"Sasa nani atalisoma?" akalalamika.

Tumbo lako, nikamwambia. Jina lenyewe kalitoa kwenye kanga ya mamaake: WEMA HAUOZI.

Wengine huniambia nitumie rangi za tingatinga, eti zinang'aa. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi kule Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, na hadibodi haikuombwa kuimba. Mie natumia akriliki, nimeizimua mpaka nyepesi kama chai ya rangi.

Pindo ni la korosho. Kila korosho ni mstari mmoja: naanzia kwenye ncha, nauzungusha mgongo, narudi, na brashi hainyanyuki mpaka mstari ukutane. Pumzi naitoa polepole njia nzima. Shida iko kiunoni mwa gita, pale panapobonyea. Korosho zinabanana, kama maua ya piko yanavyobanana kwenye kifundo cha mkono wa bibi harusi mwembamba. Hapo sipimi kwa rula, nazipunguza kwa jicho, moja moja.

Saa saba, baada ya adhuhuri, nimelitundika kwa kichwa kwenye ndoana ya taa na kulipulizia mgongo vanishi. Kosa langu. Hii ni vuli, na wingu nililiona. Mvua ikashuka, na mbele ya macho yangu weusi wa mji ukageuka rangi ya tui. Vanishi ikikauka upesi hupoa, unyevu wa hewa ukatua juu yake na kunaswa humo humo. Nilitaka kulia. Nikala wali wangu baridi nikalipa mgongo.

Alasiri jua limetoka. Nikapuliza tena, mkono mmoja tu, mwepesi mno. Vanishi mpya huilainisha ya chini, unyevu ukapata pa kutokea. Tui likatoweka, weusi ukarudi. Nikamalizia na uso.

Magharibi. "Hodi!"

"Karibu, lakini mikono nyuma. Bado bichi."

Anataka kulipiga Ijumaa. Nyuzi hazifungwi wiki hii, namwambia, azima la mwenzio. Hanijibu, analizunguka. Anasoma jina kimya kimya, midomo inacheza.

"Na sauti, bi? Ingalipo?"

Sijafungua mdomo, keshaligonga kwa kifundo, kama anionavyo mie. Ndooo! Sauti ipo. Alama ya kifundo nayo ipo, chini ya tundu, duara kama kovu la ndui.

Ikikauka nitaipiga msasa namba 400 na kupuliza upya. Kwa sasa nimemtuma akanunue urojo, wa nyumba nzima.