Mji Unashuka: Kusudi la Mungu kwa Mbingu, Nchi na Waamini

Mahubiri mengi ya msibani huishia 2 Wakorintho 5:8: marehemu ametoka katika mwili, yuko na Bwana. Ni kweli, tena ni faraja kubwa. Lakini Paulo hakuishia hapo. Katika Warumi 8:23 anasema tunangojea "ukombozi wa mwili wetu", na mstari wa 21 unaviingiza viumbe vyote katika tumaini hilohilo. Hata aliyelala katika Bwana bado anangoja ufufuo.

Kusudi lenyewe limetajwa wazi kwenye Waefeso 1:10: Mungu atavijumlisha vitu vyote katika Kristo, vya mbinguni na vya duniani. Nchi haitupwi. Mwanzo 1:28 inampa mwanadamu utawala, na 2:15 inaonyesha ni utawala wa namna gani: kuilima bustani na kuitunza. Dhambi iliharibu kazi hiyo, ardhi ikalaaniwa (3:17). Kristo anamkomboa mtu pamoja na kazi aliyoumbiwa.

Ufunuo 21 usomwe polepole. Yohana haoni watu wakipanda juu. Anaona mji mtakatifu, Yerusalemu mpya, ukishuka kutoka mbinguni. Angalia vipimo katika 21:16: urefu, upana na kimo vinalingana. Chumba chenye umbo hilo katika hekalu la Sulemani ni Patakatifu pa Patakatifu, dhiraa 20 kila upande (1 Wafalme 6:20). Sheria ya Musa ilimruhusu kuhani mkuu peke yake kuingia mahali hapo, siku moja kwa mwaka, akiwa na damu. Sasa mji mzima umekuwa chumba hicho! Ndiyo maana 21:22 inasema hamna hekalu ndani yake. Sijui sehemu nyingine ya Maandiko inayoonyesha kwa uzito kama huu jinsi Mungu anavyotaka kukaa na watu.

Wanaofundisha kwamba nchi itafutwa kabisa hutegemea 2 Petro 3:10, panaposema nchi itateketea kwa moto, na kuuruka mstari wa 6. Petro anasema dunia ya siku za Nuhu iliangamia kwa maji, lakini nchi ilibaki. Uovu ndio uliosombwa. Naamini moto nao usomwe hivyo, hadi 3:13, penye ahadi ya mbingu mpya na nchi mpya.

Anayeandaa somo la kikundi asianze na Ufunuo. Wanakikundi watabishania chapa ya mnyama (Ufunuo 13) na ile miaka 1,000 ya kutawala na Kristo (Ufunuo 20) mpaka muda uishe. Aanze na Mwanzo 1 hadi 3, aende Warumi 8:18-25, kisha 1 Wakorintho 15:20-28, ndipo Ufunuo 21:1 hadi 22:5. Atenge muda wa kutosha kwa 22:3-5, kwa sababu wengi hudhani uzima wa milele ni kuimba tu, kumbe pale wanamtumikia Mungu na kutawala.

Swali la waliokufa litaulizwa, lazima. Wafilipi 1:23 inajibu: wako pamoja na Kristo. Na 1 Wakorintho 15:26 inaongeza kwamba mauti ni adui, wa mwisho kubatilishwa. Msibani yasomwe yote mawili, hilo la pili kando ya kaburi lenyewe.