Behewa langu lilivimba tumbo

Juzi nilikua nafuta vumbi kwenye rafu ninapopanga treni zangu ndogo, nikashika behewa moja la tangi nililounganisha miaka kama saba iliyopita, mkono ukaniambia kuna kitu hakipo sawa. Lile tangi nililimaliza likiwa duara safi, nakumbuka vizuri maana mshono wake niliupiga msasa mpaka ncha za vidole zikaniwaka. Sasa nageuza nakuta mshono umeachia kwa chini, ufa wa kupitisha ukucha, na ndani yake kunachungulia unga mweupe kama chokaa. Tumbo limevimba. Nikadhani labda joto, labda nililiangusha kipindi fulani nikasahau, nikalibana taratibu na likapasuka lote mkononi, ule unga ukamwagika kwenye shati.

Kumbe ni kosa langu mwenyewe nililolifanya siku ile ile ya kwanza. Behewa la plastiki likiwa tupu ni jepesi mno, likifika kwenye makutano ya reli linaruka, kwahiyo tunalitia uzito ndani, na mi nilitumia marisau, vile vipunje vya risasi, nikavimwagia gundi nyeupe ya mbao ili visicheze, nikafunga tangi, nikaenda zangu kulala. Sasa ile gundi ikikauka inaendelea kutoa asidi kidogo kidogo, asidi ya jamii ya siki, na kwenye tangi lililozibwa haina pa kwenda. Inakula risasi, halafu ikikutana na unyevu na hewa ya kaboni inageuka ule unga mweupe, na unga unachukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Hapo hakuna plastiki itakayohimili. Miaka inapita, nje kunang'aa, ndani kunaumuka kama unga wa maandazi. Wakongwe wa hii hobi wanalijua hili zamani sana, mi nililijua kwa shati.

Siku hizi uzito naubandika kwa gundi ya kuchanganya mbili au supa gluu, na mara nyingi natumia nati za chuma tu, risasi naiacha, na kama ni tangi naacha katundu chini lipumue. (Na kama bado unatumia risasi nawa mikono, usije ukashika mkate.) Kuhusu kiasi, kwa skeli ninayojengea mimi, OO, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 76, wengi wanaenda na gramu 25 kwa kila ekseli, yaani behewa la ekseli mbili lisomeke 50 kwenye mizani ya jikoni. Mengine yote unayoyasikia kuhusu uzito ni ubishi wa watu wenye muda.

Basi hilo tangi ndo lilinifanya nikae chini kufikiria namna ninavyojenga, maana nilikua katikati ya kazi nyingine kabisa, behewa la makaa ya mawe la Uingereza, lile la chuma la tani 16. Ukiangalia picha yoyote ya treni ya makaa kule kuanzia miaka ya hamsini mpaka sabini utayaona, yamefuatana kama siafu, mafupi, ya kijivu, yamechakaa hayana adabu. Kama hulijui: ni boksi la chuma lisilo na paa juu ya ekseli mbili, urefu futi 16 na nusu bila kuhesabu bafa (vile vikingio vya kugongana mwisho wa behewa), kutoka ekseli hadi ekseli futi 9. Na kwakua skeli ya OO ni milimita 4 kwa kila futi, hesabu inakaa kichwani bila kikokotoo, boksi milimita 66, ekseli milimita 36. Kitu cha kukaa kwenye kiganja na nafasi ikabaki.

Hapa niseme kidogo kuhusu OO, kuna mtu atauliza. Ndio, reli yake ni nyembamba kuliko inavyotakiwa. Upana wa milimita 16.5 kati ya reli na reli ni wa skeli ya HO ambayo ni 1:87, huko hesabu inakubali kabisa, ila sisi wa OO tumepachika behewa la 1:76 juu ya reli hiyo hiyo, na kihalali ilitakiwa ifike 18.83. Wapo waliojenga hivyo, nawaheshimu, na nikiwaona wanavyohangaika na magurudumu narudi kwangu kimya kimya.

Sasa turudi kwenye behewa. Kosa ambalo nimelifanya kwa miaka, na naliona kwa watu wengi, ni kuchafua behewa kutokea nje. Unamaliza kujenga, unapiga kijivu, unabandika namba, halafu unachukua rangi ya kahawia unatandaza popote, kona zote sawa, bavu zote sawa, ukimaliza unaliita behewa kuukuu. Mabehewa kumi yote yana kutu ile ile kama yamevaa sare ya shule. Jicho linakataa, ila huwezi kusema kwanini.

Lile la tani 16 lilikua linaharibika kutokea ndani. Fikiria, tani 16 za mawe zinadondoshwa kutoka juu kwenye boksi la bati. Rangi ya ndani inakwanguliwa siku za mwanzo tu, chuma kinabaki uchi, na makaa yakilowa mvua yanatoa maji ya asidi yanayokaa kwenye kona za sakafu. Kutu inaanzia hapo. Inakula bati kutoka ndani mpaka siku moja kwa nje rangi inainuka kama lengelenge, inapasuka, na ndo unaona doa la kwanza la kahawia, mara nyingi chini karibu na sakafu au kuzunguka mlango. Halafu ubavu wenyewe unatuna kwa nje katikati ya zile nguzo za wima zinazoushika, maana mzigo unausukuma kila siku. Kwahiyo doa la nje ni habari iliyochelewa, tukio lenyewe lilishatokea ndani. Kama lile tangi langu.

Ndo maana hili la sasa nimelianza ndani. Kwanza nikachukua kisu cha ncha ya mviringo nikakwangua plastiki ya ubavu upande wa ndani, katikati ya nguzo na nguzo, mpaka ukilielekeza kwenye taa mwanga unapita. Halafu nikachovya mpini wa kijiko kwenye maji yanayochemka, nikabonyeza kutokea ndani polepole, nikahesabu hadi tano, nikatoa. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara ya tatu bati, namaanisha plastiki, lilitoka nje kidogo tu, kitu cha nusu milimita, na ghafla ule ubavu ukaacha kuwa plastiki. Nilikaa nalo mkononi dakika nzima nalizungusha chini ya taa kama mtu aliyeokota almasi. Vipande viwili kati ya nguzo nilivibonyeza sana na kimoja sikukigusa, maana na vile vya kweli havikutuna sawasawa, na mafundi walikua wakikata bati lililooza wanachomelea kiraka kipya.

Rangi ndani: kahawia nzito ya mafuta kwanza, ikikauka nikadondoshea chungwa kidogo kwenye sakafu na zambarau iliyokufa kwenye kona, isiwe kutu ya aina moja. Kutu mpya ni ya chungwa, kutu ya zamani inaelekea kahawia nyeusi, na sehemu ambayo makaa yanasugua kila siku haina kutu sana, ina mng'ao wa chuma, hapo unasugua unga wa penseli kwa kidole. Watu wanaisahau hii penseli. Ni kitu rahisi kuliko vyote mezani na ndicho kinachofanya kazi kubwa.

Nje nilifanya ule mchezo wa dawa ya nywele. Unapiga rangi ya kutu, unaacha ikauke kabisa, unapulizia dawa ya nywele tabaka mbili, halafu juu yake kijivu cha akriliki. Kabla kijivu hakijakomaa unalowesha sehemu kwa maji, unasubiri kidogo, unachokoa na kijiti cha meno, na kijivu kinabanduka vipande vipande kama rangi ya kweli, chini kutu inatokeza. Siri ni kujua uache wapi, maana ile raha ya kubandua inalevya, dakika kumi baadae huna behewa la kijivu tena una chakavu la skrepa. Mi nilijiwekea sheria: kila tundu la nje lazima liwe na sababu ndani. Nikitaka kuchokoa sehemu naangalia upande wa pili wa ukuta, kama ndani pale hakuna kona ya kushika maji wala mlango wala tumbo lililotuna, naweka kijiti chini.

Kijivu chenyewe nacho sio hiari ya mtu. Baada ya reli za Uingereza kutaifishwa mwaka 1948, mabehewa ya mizigo yasiyo na breki za treni nzima (zile dereva anazozikamata zote kwa pamoja) yalipakwa kijivu na yale yenye breki za vakyumu yakapata wekundu wa udongo. Kwahiyo ukipaka kijivu, chini hutakiwi kuweka silinda ya vakyumu, unaweka wenzo mrefu wa breki ya mkono ubavuni tu. Nimeshaona kazi nzuri ya kutisha, rangi ya kijivu na mabomba yote ya vakyumu yamejaa. Sikusema kitu. Nimesema hapa.

Na mstari mweupe! Ule mstari wa mshazari ubavuni watu wengi wanadhani ni urembo. Ule unawaonyesha wafanyakazi upande gani una mlango wa kichwani, ule unaofunguka behewa likiinamishwa makaa yamwagike yote kwa mbele. Mstari unapanda kuelekea upande wenye mlango. Bavu zote mbili, kwahiyo ukiangalia kutoka upande mmoja unapanda kulia na ukizunguka unapanda kushoto. Mi kwenye behewa la kwanza kabisa niliziweka stika zote mbili zinapanda kulia, zikapendeza sana, lile behewa likakimbia miezi mingi likiwaambia wafanyakazi wadogo wasioonekana kwamba lina milango miwili. Aliyegundua ni mtoto wa dada yangu, akaniuliza, "Anko, mbona upande huu mshale unadanganya?" Sikua na jibu.

Stika za maji, zile unazolowesha zikateleza kutoka kwenye karatasi, zina shida yake nyingine, ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa zinashika hewa chini na zikikauka unaona kingo za fedha. Piga vanishi ya kung'aa kwanza pale namba inapokaa, kwenye kale kamraba keusi chini kushoto, namba yenyewe inaanza na herufi B, bandika, weka dawa ya kulainisha stika, ondoka mezani. Kuondoka ndo hatua ngumu.

Kuhusu magurudumu ntasema kifupi. Chukua ya chuma, ya plastiki yanakusanya uchafu na kuusambaza kwenye reli zako zote. Na behewa la ekseli mbili likikaa limekakamaa kwenye fremu, gurudumu moja kati ya manne litakua hewani kila reli ikipinda kidogo, kwahiyo ekseli moja iache imeshikwa na ile nyingine ipumzike juu ya kipande cha waya katikati, icheze kushoto kulia. Ni kigoda cha miguu mitatu tu, popote utakapokiweka hakiyumbi. Nikiwa na haraka huwa siifanyi hii, na kila mara najuta kwenye makutano yale yale.

Jana usiku nikafika kwenye vumbi. Chini ya behewa kuna vumbi la breki, kahawia ya joto inayotoka kwenye magurudumu na kupanda kwenye fremu, na pale kwenye vikasha vya ekseli kuna weusi wa mafuta ulioloa, huo usichanganye na vumbi, ule unatakiwa ung'ae kidogo. Nilitumia unga wa chaki za rangi niliousaga mwenyewe, brashi laini, nikapaka nikapuliza nikapaka tena, karibu saa nzima kwa kitu cha milimita 66. Likapendeza jamani. Nikalipiga picha. Halafu nikafanya kile ambacho nakijua kabisa, nimeshakifanya mara kumi, nikachukua kopo la vanishi isiyong'aa nikapuliza mkono mmoja mrefu ili unga usitoke kwa kushikwa, na mbele ya macho yangu vumbi lote likayeyuka likapotea kama sikuwahi kuliweka. Vanishi inaumeza unga. Inatakiwa upake mara mbili ya unavyotaka uonekane, upulize kwa mbali, urudie.

Kwahiyo leo jioni nasaga chaki upya. Ndani nilipochungulia asubuhi kuko vile vile, kutu imekaa pazuri.