Siku moja maishani mwangu: kutafuta damu inakopotelea

Saa 1:30 asubuhi huwa nimeshafungua orodha ya majibu ya maabara, kabla simu hazijaanza kulia. Mimi ni daktari mtafiti. Timu yetu inawafuatilia watu wazima waliogunduliwa kuwa na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, ili kujua ni akina nani walioendelea kuchunguzwa utumbo, ambako saratani inaweza kuvuja damu bila kuonekana, na ni akina nani walioishia kupewa vidonge vya kuongeza damu. Ninaanza na hemoglobini, yaani protini yenye chuma inayobeba oksijeni katika damu: kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mwenye chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye mjamzito mwenye chini ya 12, ana upungufu wa damu. Kisha ninatazama feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Hapa panahitaji umakini, kwa sababu feritini hupanda mtu anapokuwa na maambukizi, na aliyeishiwa akiba anaweza kuonekana mzima kwenye karatasi. Ndiyo maana shirika hilo limeweka kikomo cha mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima mwenye afya, lakini 70 kwa mwenye maambukizi.

Saa 3:00 tunakutana na wauguzi wa utafiti, na leo kikao kimechukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Katika fomu kadhaa, mbele ya wagonjwa wenye upungufu wa damu, yameandikwa maneno "ameshachunguzwa, hana tatizo", kwa kuwa walipimwa damu isiyoonekana katika kinyesi na hawakukutwa nayo. Maneno hayo yananitia wasiwasi kuliko jibu lolote baya. Uchunguzi wa mapema wa saratani ya utumbo mpana umekusudiwa watu wasio na dalili yoyote, nao umeokoa maisha: jaribio lililofanyika Minnesota, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1993, lilionyesha kuwa kupima kinyesi kila mwaka kulipunguza vifo vya saratani hiyo kwa takribani theluthi moja. Lakini mtu ambaye hemoglobini yake imeshuka na akiba yake ya chuma imekwisha hayumo tena katika kundi la wasio na dalili. Upungufu wake wa damu ndio dalili yenyewe.

Muuguzi mmoja aliuliza kwa nini basi kipimo kisione kitu ikiwa damu inavuja kweli. Swali lilistahili jibu kamili. Kwanza, kikomo cha kipimo hupangwa kulingana na kazi yake. Uingereza ilipoanza mwaka 2019 kutumia kipimo cha kisasa cha FIT, kinachopima hemoglobini katika kinyesi, kwa uchunguzi wa jumla, kikomo kilikuwa mikrogramu 120 za hemoglobini kwa gramu ya kinyesi, ilhali kwa wagonjwa wenye dalili kinachotumika huko ni 10. Mtu mwenye 90 angeweza kupokea barua ya kumtuliza. Pili, uvimbe hauvuji kila siku. Tatu, damu itokayo tumboni humeng'enywa kabla ya kufika chini, na kipimo hakiitambui. Tena kiasi chenyewe ni kidogo mno: mililita 1 ya damu hubeba takribani nusu miligramu ya chuma, na mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, hivyo anayepoteza mililita 5 kila siku, bila choo chake kubadilika rangi, hatimaye ataishiwa akiba ya chuma. Saratani za upande wa kulia wa utumbo mpana ndizo hujificha hivyo zaidi.

Saa 5:00 nilipita maabara kuhakikisha sampuli za kinyesi zimehifadhiwa kwenye baridi, kwani joto huharibu hemoglobini na kuleta majibu ya uongo ya kutuliza.

Saa 6:30 nilimpigia simu mama mmoja aliyekwisha kukoma hedhi, ambaye alitaka kufuta miadi ya kuingiziwa kamera katika utumbo.

"Daktari, damu imeshapanda. Vidonge vimenisaidia."

"Imepanda, mama, nami nimefurahi. Ila vidonge vimerudisha kilichopotea. Havijatuambia kinapotelea wapi."

Alinyamaza, kisha akauliza kama inauma. Nilimweleza kuhusu dawa ya usingizi mwepesi, dawa ya kusafisha tumbo, na kwamba aache vidonge vya chuma takribani wiki moja kabla, kwa kuwa huacha weusi unaomzuia daktari kuona vizuri. Nilimwambia pia kwamba wengi wenye hali yake hawakutwi na saratani, na kwamba vivimbe vidogo vikikutwa huondolewa papo hapo. Miadi imebaki.

Mchana wote hadi saa 10:00 nilikuwa na mtakwimu wetu. Tatizo letu ni hili: wenye upungufu mkubwa wa damu hupelekwa kwenye kamera mara nyingi zaidi, kwa hiyo saratani hukutwa zaidi kwao, na wasiopelekwa huhesabiwa kuwa hawana ugonjwa kwa sababu tu hakuna aliyetazama. Kulinganisha makundi hayo mawili moja kwa moja kungekuwa kuwadanganya wasomaji. Tumekubaliana kuwafuatilia wote kupitia rejista ya saratani, tukihesabu tangu siku hemoglobini iliposhuka kwa mara ya kwanza.

Kabla ya saa 11:00 nilimaliza barua kwa kamati ya maadili, nikiomba idhini ya mabadiliko mawili: neno "ameshachunguzwa" liondolewe katika fomu zetu na nafasi yake ichukuliwe na jina la kipimo, tarehe na kiasi halisi kilichopatikana, na mshiriki yeyote mwenye ukosefu wa chuma ambaye kipimo chake cha kinyesi hakikuonyesha damu apelekwe kwa mtaalamu wa njia ya chakula, ili ajadiliane naye juu ya kuchunguzwa tumbo na utumbo mpana.