Saluni Ambayo Sikuwahi Kuwa Nayo

Kwenye karatasi zangu za kodi ya mapato za mwaka 2023 mimi ni mwenye saluni. Nasuka nywele, nanunua rasta na mafuta, na mwaka mzima biashara imenitia hasara ya dola 4,000. Saluni yenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Mimi ni wa kiwanda cha nyama hapa Iowa, Marekani, zamu ya usiku, na nywele ninazosuka ni za binti yangu, Jumapili jioni, tena kwa vita.

Ilikuwaje? Kila Januari kuna mtu anayepita kwenye majengo yetu na laptopu yake. Anaongea Kiswahili, anakunywa chai yako, anakaa mezani jikoni na kwa nusu saa kodi imekwisha. Nilimpa fomu ya W-2 niliyopewa kazini, inayoonyesha mshahara wangu wa mwaka, na kadi za Social Security za watoto watatu, zenye namba zao za serikali. Kadi ya tatu akaigeuzageuza. Jina la ukoo halikufanana na langu.

"Huyu si wako, mama. Tusijitafutie kesi."

Nikamwambia ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na tumekuja naye ndege moja. Akanirudishia kadi. Halafu, huku anaendelea kuchapa, akaniuliza kama najua kusuka. Nikasema najua, nani hajui? Nilidhani anatafutia mkewe msusi. Malipo yake yalikuwa dola 450, akazikata humo humo kwenye marejesho, yaani pesa serikali iliyonirudishia. Hakuweka sahihi popote. Kwa serikali ilionekana nimejijazia mwenyewe.

Mwaka uliofuata, Februari 2025, mwenzangu wa kiwandani akanipeleka maktaba ya mtaa, kwa wale wa kujitolea wanaojaza kodi bure. Mpango wao unaitwa VITA, na msimu ule waliwahudumia hasa wenye kipato kisichozidi takriban dola 67,000. Nilipangiwa bibi mmoja mstaafu, taratibu sana, anayesoma kila karatasi mara mbili. Kiingereza changu ni cha kiwandani, kwa hiyo akanipigia mkalimani kwa simu.

Mkalimani Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha pwani, ila alinitia hofu mapema. Akasema nina haki ya kupata "mkopo wa kodi". Nikajibu hapana, asante, mikopo sitaki, nadaiwa gari tayari. Bibi akacheka aliposikia tafsiri. Ilituchukua muda kuelewana kwamba si mkopo na haulipwi. Ni nafuu ambayo serikali ya Marekani imekuwa ikiwapa wenye kazi za kipato kidogo tangu 1975, hasa wenye watoto, na hata kama kodi unayodaiwa ni sifuri, pesa unapewa mkononi. Wenyewe wanaiita EITC, Earned Income Tax Credit, na hiyo "credit" ndiyo iliyogeuka mkopo. Tangu siku ile mimi naiita nafuu.

Bibi alichora kilima kwenye karatasi ili nielewe inavyokwenda. Ukianza kufanya kazi unapanda: kwa mwaka wa kodi 2024, mwenye watoto watatu anaongezewa senti 45 kwa kila dola anayoipata, hadi mapato yafike dola 17,400. Hapo amefika kileleni, dola 7,830. Kileleni pako tambarare kidogo. Kwa asiye na mume, mapato yakipita dola 22,720 anaanza kuteremka, kila dola inamtoa senti 21, mpaka karibu na dola 59,900 ambapo nafuu inakwisha kabisa. Mimi kwa dola 33,000 nilikuwa kwenye mteremko. Hesabu ikaleta dola 5,600 na ushee, na jimbo la Iowa linaongeza lake, asilimia 15 ya hiyo.

Lakini hesabu ile ilikuwa ya watoto watatu. Kabla ya kufika hapo tulikwama kwenye neno.

Bibi aliuliza huyu wa tatu ni nani kwako. Nikasema mtoto wangu. Umemzaa? Hapana. Umemuasili mahakamani? Hapana. Sasa ni nani? Nikasema ni mtoto wangu, ananiita mama mdogo. Mkalimani akatafsiri, kimya kikapita, kisha akaniuliza polepole: "Mama, ni mpwa wako?" Neno mpwa nalijua, lakini kwetu mtoto wa dada yako ukimwita mpwa mbele za watu watakuona umeanza kumtenga. Nikakubali basi, ni mpwa. Bibi akaguna kwa furaha na kuandika. Sheria inamkubali: mtoto uliyemzaa, wa kambo, wa kulea uliyekabidhiwa rasmi, ndugu yako, na watoto wa ndugu yako. Awe na umri chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama anasoma, awe mdogo kuliko wewe, awe ameishi nyumbani kwako ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, na wote walioandikwa kwenye fomu wawe na namba za Social Security zinazoruhusu kazi.

Ila ndugu kwao ni tumbo moja au baba mmoja. Binti wa mama mkubwa wako, ambaye sisi tunamwita dada bila kufikiri, kwao ni binamu, na watoto wake hawamo hata ukiwalea toka wakiwa wachanga. Jirani yangu analea wawili wa namna hiyo. Nilipompelekea habari hii alikaa kimya, akauliza tu kama nina sukari.

Ndipo bibi akaomba karatasi za mwaka uliopita, alinganishe. Akakuta saluni.

Mkalimani alinisomea mstari kwa mstari nami nikahisi miguu imekuwa barafu. Bibi akanieleza kwa nini mtu aandike hasara: ilipunguza mapato yangu kwenye karatasi na kunirudisha juu kidogo kwenye kile kilima chake. Sikumficha kitu. Akaniambia ukweli pia: ukidai nafuu hii kwa kupuuza sheria unaweza kufungiwa miaka 2, na kwa udanganyifu miaka 10, na anayebeba ni mwenye jina kwenye fomu, si aliyekunywa chai. Ila anayesahihisha mwenyewe kabla hajaulizwa hayuko mahali pamoja na anayesubiri kukamatwa. Na sheria inatoa miaka mitatu ya kurekebisha.

Akakaa na kikokotoo. Akatoa saluni, akaweka mpwa. Kisha akanigeuzia karatasi nione: kwa uongo, nafuu yangu ya 2023 ilikuwa dola 5,458. Kwa ukweli, dola 5,442. Tofauti dola 16! Yule bwana alimkataa mtoto wa kweli, akanitungia saluni, tukafika pale pale. Tena nilikuwa nimepunjwa, maana mtoto wa tatu alikuwa na haki pia kwenye nafuu nyingine, ya watoto walio chini ya miaka 17. Ukijumlisha yote, serikali ndiyo iliyokuwa na deni kwangu, dola 1,000 na kidogo. Tukajaza fomu ya marekebisho, ya serikali kuu na ya jimbo.

Pesa za 2024 ziliingia mwisho wa Februari (sheria hairuhusu marejesho yenye nafuu hii yatoke kabla ya katikati ya mwezi huo, kwa hiyo anayekuahidi Januari anakukopesha). Marekebisho ndiyo yalinichosha. Mwezi wa Juni ikaja bahasha ya watu wa kodi: thibitisha kwamba mtoto huyu ni wa ndugu yako na kwamba aliishi kwako 2023.

Kuishi kwangu kulikuwa rahisi, nilidhani. Shule wakanipa barua nzuri yenye muhuri, lakini ilikuwa na anwani ya zamani, kwa sababu tulihama Agosti na mimi nikawaarifu Novemba. Ikabidi nichukue na mkataba wa nyumba, ambao kwa bahati unataja wakaaji wote kwa majina, na barua ya kliniki ya watoto. Undugu ukawa mgumu zaidi. Cheti changu cha kuzaliwa kilibaki Fizi, Kongo, na nyumba iliyoungua. Tarehe yangu ya kuzaliwa ni 1 Januari, ya kuandikiwa tu, na ya kijana ni 1 Januari. Kwenye jengo letu Mwaka Mpya nusu ya watu wanaongeza umri kwa pamoja. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya hospitali ya kambi inayotangaza kuzaliwa kwake, yenye jina la dada, na karatasi ya usajili wa familia inayotuonyesha dada na mimi chini ya baba mmoja. Karatasi ile niliibeba miaka yote ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu kambini bila hiyo hupati mgao wa unga. Nikatoa nakala, nikaambatanisha maelezo ya ukurasa mmoja ambayo bibi wa maktaba alinisaidia kuandika, nikatuma kwa rejista na kutunza risiti.

Agosti dola 1,000 na ushee zikaingia. Nikabadilisha matairi ya gari kabla ya theluji, na zilizobaki nikamnunulia kijana viatu, mguu wake hautaki kusimama kukua.

Januari yule bwana alipita tena na laptopu yake. Nilimfungulia, nikamsalimia vizuri, nikamwambia saluni nimeifunga.